Chombo Chenye Uhai: Swali la Hadhi katika Kazi ya Msaidizi wa Daktari wa Meno

Msaidizi wa daktari wa meno hukaa upande wa pili wa kiti cha mgonjwa, akitazamana na daktari. Daktari huchimba jino, huliziba au huling'oa. Msaidizi humkabidhi vyombo kimoja baada ya kingine, hunyonya mate na maji yasimpalie mgonjwa, huchanganya dawa ya kuzibia, hupiga eksirei na huandika kumbukumbu. Kabla ya yote hayo amekwisha kuosha vyombo na kuua vijidudu vyake, na mgonjwa akishuka kitini kazi hiyo huanza upya. Nchini Marekani mafunzo ya kazi hii hutolewa zaidi na vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili ambavyo hufungua milango kwa karibu kila aliyemaliza sekondari. Cheti huchukua takriban mwaka mmoja. Anayetaka shahada ndogo husoma miaka miwili. Ni njia fupi, ada yake ni nafuu ukilinganisha na ya chuo kikuu, na ajira zipo.

Lakini kazi hii inabeba swali ambalo ni la zamani kuliko udaktari wa meno wenyewe. Je, mtu ambaye kazi yake yote ni kumsaidia mwingine ana kazi iliyo yake, yenye maarifa yake na wajibu wake mbele ya Mungu na mbele ya watu? Au ni mkono wa ziada wa mwenye kazi?

Jibu la kale lenye nguvu zaidi lilitolewa na mwanafalsafa Mgiriki Aristotle katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa, akieleza vyombo vya kazi, anatoa mfano wa merikebuni: kwa nahodha, usukani ni chombo kisicho na uhai, na mtazamaji aliyesimama gubetini ni chombo chenye uhai. Kisha anaongeza kwamba katika kila ufundi msaidizi huhesabiwa kuwa aina ya chombo. Maneno hayo yanatangulia utetezi wake wa utumwa, na hayakuwekwa pale kwa bahati. Katika Metafizikia anaongeza jingine: fundi mkuu anastahili heshima kwa sababu anajua kwa nini kila jambo linafanywa, ilhali wafanya kazi wa mikono hutenda bila kujua wanachotenda, kama moto unavyounguza. Hoja hizo mbili zikiunganishwa zinajenga ngazi. Juu yuko anayejua na kuamuru, chini yuko anayetenda na kutii, na wa chini hana maarifa yaliyo yake wala lawama iliyo yake.

Ngazi hiyo imeishi muda mrefu. Kliniki ya meno ilipoanza kuajiri wasaidizi iliirithi bila kuihoji.

Mwaka 1885, mjini New Orleans, daktari C. Edmund Kells alimwajiri Malvina Cueria, ambaye historia ya taaluma inamtaja kuwa msaidizi wa kwanza wa kike wa daktari wa meno. Enzi hizo mwanamke wa heshima hakuingia peke yake katika chumba cha daktari mwanamume. Alihitaji mume au ndugu wa kumsindikiza. Kuwepo kwa mwanamke kliniki kuliondoa kikwazo hicho, na madaktari wengine wakaanza kutangaza madirishani kwamba ndani mna bibi wa kuhudumia. Msaidizi wa mwanzo, basi, hakutafutwa kwa sababu ya anachokijua. Alitafutwa kwa sababu ya kuwepo kwake. Urithi huo haujafutika: hadi leo zaidi ya wasaidizi tisa katika kila kumi nchini Marekani ni wanawake, na sehemu kubwa ya dharau inayoipata kazi hii ni dharau ileile inayozipata kazi nyingine zinazohesabiwa kuwa za kike, kama kulea watoto na kuuguza wagonjwa.

Wasaidizi wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuikataa dharau hiyo kwa vitendo. Mwaka 1924 Juliette Southard aliongoza kuundwa kwa Chama cha Wasaidizi wa Madaktari wa Meno cha Marekani, na tangu mwanzo chama hicho kilidai elimu. Mwaka 1948 ikaanzishwa bodi ya kuwatahini na kuwapa vyeti. Kiapo cha chama kinastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu mpangilio wake una maana. Anayeapa huahidi kwanza uaminifu kwa ustawi wa wagonjwa, kisha kwa maslahi ya daktari anayemtumikia. Chombo hakiwezi kuwa na uaminifu kwa wawili. Pindi kiapo kilipomweka mgonjwa mbele ya mwajiri, kilikiri kwamba unaweza kufika wakati ambapo wawili hao wanavutana, na kwamba mwenye kuapa atalazimika kuamua mwenyewe.

Katikati ya karne ya 20 kazi ilibadilika sana. Madaktari walianza kufanya kazi wakiwa wamekaa, mgonjwa akiwa amelazwa, na wakapima kila mwendo wa mkono kama wahandisi wa kiwandani walivyopima miendo ya vibarua. Ukazaliwa mtindo wa mikono minne: miwili ya daktari, miwili ya msaidizi, yote ikifanya kazi kinywani kwa wakati mmoja. Kuanzia mwaka 1961 serikali ya shirikisho ilitoa fedha ili wanafunzi wa udaktari wa meno wafundishwe kufanya kazi na msaidizi. Kwa mtazamo wa juujuu, huo ulikuwa ushindi wa Aristotle. Msaidizi alihesabiwa katika sekunde zilizookolewa, na lugha ya tija ikamweka karibu zaidi na taa na kiti.

Ukitazama vizuri, kinachoonekana ni kinyume chake. Katika mtindo wa mikono minne daktari haondoi macho kinywani. Anafungua vidole, na chombo kinachofuata kinawekwa humo kikiwa kimeelekezwa upande wa kutumika. Ili jambo hilo liwezekane, msaidizi lazima ajue hatua iliyopo, hatua inayofuata na sababu ya mfuatano huo. Ajue pia kwamba ufizi umeanza kutoka damu kuliko kawaida na kwamba hatua inayofuata itabadilika. Chombo hakitangulii mkono unaokishika. Msaidizi hutangulia, na hawezi kutangulia bila kujua sababu. Kwa hiyo kipimo alichokiweka Aristotle mwenyewe, yaani kujua kwa nini, kinamtoa msaidizi aliyefunzwa katika kundi la vyombo.

Kuna mfano ulio wazi zaidi. Daktari wa meno aliyesomea nje ya Marekani kwa kawaida haruhusiwi kutibu huko mpaka asome tena na kufaulu mitihani ya nchi hiyo, safari inayoweza kuchukua miaka na fedha nyingi. Baadhi yao, wakisubiri, hufanya kazi ya usaidizi. Mtu huyo anakaa upande wa pili wa kiti akiwa na maarifa sawa na ya anayeshika mashine ya kuchimbia, pengine akiwa na uzoefu zaidi, na bado kazi yake ni kukabidhi vyombo. Kinachowatenganisha wawili hao ni mamlaka ya kisheria, wala si elimu ya sababu. Ngazi ya Aristotle ilifunga cheo na maarifa katika fundo moja; hapa fundo hilo limefunguka, na haliwezi kufungwa tena kwa uaminifu.

Yote hayo yanategemea neno moja dogo: aliyefunzwa. Msaidizi asiyefunzwa anaweza kweli kugeuzwa kuwa chombo, na hapo ndipo chuo kinapopata umuhimu wake wa kimaadili. Mafunzo yenye ithibati ya Kamisheni ya Ithibati ya Elimu ya Meno hayapungui saa 900, na kati ya hizo angalau saa 300 hutumika kwa mazoezi ya kliniki mbele ya wagonjwa halisi. Masomo ni pamoja na maumbile ya kichwa na kinywa, elimu ya vijidudu, dawa na ganzi, malighafi za kuzibia, eksirei, huduma ya dharura, sheria na maadili. Mwanafunzi wa miezi michache ya kwanza mara nyingi huuliza kwa nini akariri matawi ya neva za taya ilhali hatamchoma mtu sindano ya ganzi. Jibu ni kwamba yeye ndiye atakayekuwa akiutazama uso wa mgonjwa wakati daktari anatazama jino, na ndiye atakayeona upande wa uso ukilegea au ngozi ikibadilika rangi.

Somo la eksirei linaonyesha vizuri gharama ya kutojua. Kells, yuleyule wa New Orleans, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini Marekani kupiga eksirei ya meno, mwaka 1896. Kwa desturi ya wakati ule alipima nguvu ya mashine kwa kuuweka mkono wake mwenyewe mbele ya miale, mara nyingi mno. Saratani ikamla vidole, kisha mkono, na mwaka 1928, baada ya kupasuliwa mara nyingi na maumivu ya miaka mingi, alijiua. Leo mwanafunzi wa chuo cha jamii hujifunza kanuni ya kutumia mionzi kidogo kadiri inavyowezekana: apige picha zinazohitajika tu, azielekeze sawasawa ili zisirudiwe, na ajitenge na miale kwa umbali au kwa ukuta. Kanuni hiyo inaweza kukaririwa kama amri. Inapofundishwa pamoja na sababu zake, mwanafunzi anapata uwezo wa kuhoji agizo la kupiga picha ambayo mgonjwa haihitaji.

Simone Weil, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyeacha kufundisha kwa muda ili afanye kazi kiwandani mwaka 1934 na 1935, aliandika baadaye kwamba faida kuu ya masomo ni kukuza uwezo wa kuweka moyo na akili mahali pamoja, na kwamba uwezo huohuo ndio unaomwezesha mtu kusali na kumwangalia anayeteseka bila kumgeuzia uso. Weil alikuwa akizungumzia jiometri na tafsiri za Kilatini, lakini hoja yake inaikaa kazi hii barabara. Saa nzima ya kushika bomba la kunyonya mate bila kuligusisha na ulimi, huku macho yakihama kutoka kwa daktari hadi usoni mwa mgonjwa, ni mazoezi ya umakini ambayo kazi chache huyadai. Mgonjwa wa meno hawezi kusema, kinywa kimejaa. Anachoweza ni kukaza vidole kwenye mkono wa kiti. Aliyefunzwa kuangalia ataona.

Hapa inafaa kugusa ubishi wa muda mrefu kuhusu elimu ya mikono. Chuo cha jamii cha kwanza cha umma kilichodumu kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Kufikia mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya jamii vienezwe nchi nzima ili elimu ya juu isiwe ya wachache. Wapo walioviona kuwa daraja la pili: watoto wa matajiri wasome falsafa, watoto wa maskini wajifunze ufundi. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois aliipinga hatari hiyo mapema, mwaka 1903, alipomjibu Booker T. Washington aliyewahimiza watu weusi watangulize ufundi. Mwanafalsafa wa elimu John Dewey, mwaka 1916, akaipinga kwa njia nyingine: kosa, kwake, lilikuwa ni kuitenga akili na mkono tangu mwanzo, maana kila ufundi una sayansi, historia na maadili ndani yake, na mwalimu anayeyaficha hayo humfanya mwanafunzi mtumwa wa ratiba ya mwingine. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliikabili hitilafu hiyo kutoka upande wa pili, akilaumu shule inayomfundisha kijana kudharau kazi ya mikono. Watatu hao hawakukubaliana kuhusu mengi, lakini kozi ya usaidizi wa meno inaweza kupimwa kwa hoja zao zote bila mgongano. Kozi inayofundisha miendo ya mikono peke yake imemdhulumu mwanafunzi. Kozi inayomfundisha sababu za miendo hiyo imempa elimu, hata kama haikuchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Wajibu wa kimaadili unaonekana waziwazi zaidi katika chumba cha nyuma, mahali vyombo vinapotakaswa, ambako mgonjwa hafiki na daktari hufika mara chache. Huko vyombo vilivyotumika huoshwa, hukaguliwa, hufungwa katika mifuko na kuwekwa katika mashine ya mvuke wenye shinikizo, kwa joto la nyuzi 121 au zaidi, kwa muda uliopangwa. Alama ya mfuko ikibadilika rangi, imeonyesha tu kwamba joto lilifika. Haithibitishi kwamba vijidudu vimekufa. Ndiyo maana miongozo ya afya ya Marekani inataka mashine ijaribiwe angalau mara moja kwa wiki kwa mbegu za bakteria sugu: zikifa, mashine inafanya kazi. Jaribio hilo hula muda. Siku yenye wagonjwa wengi linaweza kurukwa na hakuna atakayejua. Chombo kilichotakaswa vibaya hakina harufu wala doa.

Mwaka 2013 jimbo la Oklahoma lilitangaza kwamba wagonjwa takriban 7,000 wa daktari mmoja wa upasuaji wa kinywa wapimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini ya aina ya B na C, baada ya wakaguzi kukuta taratibu mbovu za utakasaji. Uchunguzi wa kimaabara ulithibitisha baadaye kwamba angalau mgonjwa mmoja aliambukizwa homa ya ini aina ya C kutoka kwa mgonjwa mwingine, jambo lililokuwa halijawahi kuthibitishwa katika huduma ya meno nchini humo. Malalamiko ya bodi ya jimbo yalieleza pia kwamba wasaidizi waliachiwa kutoa dawa za usingizi kwa njia ya mshipa, kazi ambayo sheria haikuwaruhusu.

Tukio hilo linaivunja ngazi ya Aristotle kwa upande wa lawama. Msaidizi angekuwa chombo, lawama yote ingemwangukia mwenye kliniki, kwa kuwa kisu hakishtakiwi. Sheria huanza na mwenye kliniki, na ni haki aanze yeye, kwa sababu ana mamlaka, ana mapato na ndiye aliyepaswa kusimamia. Lakini hakuna anayehisi kwamba maelezo hayo yamemaliza jambo. Mtu aliyefunzwa kuhusu mbegu za bakteria, akajua jaribio halikufanywa, akafunga mfuko na kuuweka mezani, ametenda jambo lililo lake. Kujitetea kwamba aliagizwa hakumwondolei kitendo chake. Kunapunguza uzito wa lawama kwa kadiri alivyotishwa au alivyokosa njia nyingine. Wajibu wa msaidizi, kwa hiyo, unajumuisha wajibu wa kukataa. Na yeyote anayeweza kuwajibika kwa kukataa hawezi tena kuitwa chombo.

Dini zinazojulikana kwa wasomaji wa Kiswahili zimekwisha kulishughulikia jambo hili kwa maneno yao. Katika Uislamu, kitu alichokabidhiwa mtu akitunze huitwa amana, na aliyekabidhiwa ataulizwa. Mafundisho kuhusu ihsani yanamtaka mja atende kama anayemwona Mungu, na kama hamwoni, ajue kwamba yeye anaonwa. Kwa kazi ya chumba cha nyuma ni vigumu kupata kanuni inayofaa zaidi. Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, katika juzuu la elimu la kitabu chake Ihya, aliweka utabibu katika faradhi ya kutosheleza, ile ambayo mji mzima hupata dhambi kama hakuna aliyeifanya. Hakuishia kwa matabibu. Aliingiza pia ukulima, ufumaji na hata kupiga chuku, kazi ambayo watu wengi waliiona duni. Akalaumu wanafunzi wa zama zake waliokimbilia elimu zenye sifa huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Kwa mantiki hiyo, ikiwa tiba ya meno leo haiwezi kutolewa kwa usalama bila msaidizi, basi kazi ya msaidizi imo ndani ya faradhi hiyohiyo. Haisimami nje yake ikiisubiri.

Katika Ukristo, Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili una viungo vingi, na vile vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Karne ya 16, Martin Luther aliipanua hoja ya wito kutoka watawa na mapadri hadi kwa mtu wa kawaida: mjakazi anayefanya kazi za nyumbani kwa imani anamtumikia Mungu sawa na mtawa anayesali. Wakatoliki nao humwomba Apollonia, shahidi wa Alexandria aliyekufa mwaka 249 baada ya kuvunjwa meno, awe mwombezi wa wenye maumivu ya meno na wa wanaowatibu. Kwa mtazamo wa mapokeo hayo, cheo cha kazi hakipimwi kwa anayetoa amri. Kinapimwa kwa haja ya anayehudumiwa na kwa uaminifu wa anayehudumu.

Jibu hilo la kidini ni la kweli, lakini lina hatari yake, na hatari hiyo haipaswi kupitwa haraka. Mwajiri anaweza kulipenda kwa sababu mbaya. Kazi ikiitwa wito, ni rahisi kumwambia anayeifanya kwamba asiulize mshahara. Kwamba thawabu yake iko mbinguni. Kwamba anayebaki baada ya saa za kazi bila malipo ndiye mwenye moyo. Mwanafalsafa Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kuwa njia tu ya kufikia lengo la mwingine. Hakukataza watu kutumikiana, kwa kuwa bila hilo hakuna jamii. Alikataza kumtumia mtu huku ukisahau kwamba ana malengo yake. Mshahara wa haki, chanjo na saa za kupumzika ni namna ya kukumbuka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 kuhusu magonjwa yanayoenezwa kwa damu inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi aliye katika hatari chanjo ya homa ya ini aina ya B bila malipo. Hiyo ni falsafa ya Kant iliyoandikwa kwa lugha ya kanuni za kazini.

Matarajio ya ajira, basi, ni sehemu ya swali la hadhi. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kwamba nusu ya wasaidizi walipata zaidi ya dola 46,540 kwa mwaka, na nusu chini ya hapo. Mtaalamu wa usafi wa kinywa, ambaye husoma zaidi na kupewa leseni ya kusafisha meno kwa mikono yake, alikuwa na kiwango cha kati cha dola 87,530, karibu mara mbili. Tofauti hiyo ni kubwa, na ni vigumu kuitetea kwa hoja ya maarifa peke yake. Ajira za usaidizi zilikadiriwa kuongezeka kwa asilimia 8 kati ya mwaka 2023 na 2033, ilhali kazi zote kwa jumla zilikadiriwa kuongezeka kwa asilimia 4. Sababu zinafahamika: wazee wengi zaidi wanabaki na meno yao ya asili yanayohitaji matengenezo, na tiba imetambua uhusiano wa afya ya kinywa na maradhi ya mwili mzima. Pia wengi huacha kazi hii, na nafasi zao hujazwa upya kila mwaka. Wanaoacha hutaja mshahara, migongo inayouma na kutothaminiwa.

Kupanda kunawezekana, ila hutegemea jimbo. Yapo majimbo yasiyodai shule yoyote: daktari anaweza kumfundisha mtu kazini. Mengine, kama Minnesota, hutoa leseni kwa msaidizi aliyesoma na kufaulu mtihani. Kwingine aliyepata mafunzo ya ziada huruhusiwa kuweka na kuchonga dawa ya kuzibia baada ya daktari kuchimba. Cheti cha kitaifa hupatikana kwa mtihani wenye sehemu tatu, yaani mionzi, udhibiti wa maambukizi na kazi ya kando ya kiti. Aliyemaliza kozi yenye ithibati huufanya moja kwa moja, na asiyesoma hutakiwa kwanza awe na saa 3,500 za kazi. Cheti kinahuishwa kila mwaka kwa masomo ya nyongeza. Wengine hutumia kazi hii kama njia ya kwenda kwenye usafi wa kinywa, uendeshaji wa kliniki, ualimu au udaktari wenyewe. Hilo ni jema, ila wasifiwe bila kuwadharau wanaobaki. Msaidizi wa miaka 20 anayetuliza watoto wenye hofu na kufundisha madaktari wapya utaratibu wa chumba hajakwama, amebobea.

Swali hili linawahusu moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani. Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa huko katika miaka ya kuelekea 2024, na baadhi yao huanza masomo katika chuo cha jamii kilicho karibu kwa kuwa kinatoa Kiingereza, hakizuii kazi ya jioni, na msaada wa serikali, ambao katika mwaka wa masomo 2023 hadi 2024 ulifikia hadi dola 7,395 kwa mwanafunzi mwenye uhitaji, unaweza kulipia ada yote ya vyuo vingi vya aina hii. Mama aliyelala kitini na kusikia msaidizi akimweleza kwa Kiswahili kwamba ganzi itapita baada ya saa chache anapata tiba bora kuliko aliyeelezwa kwa ishara. Maarifa hayo ya lugha na ya adabu, ya kujua kwamba mtu mzima haharakishwi wala haamrishwi kufungua kinywa kama mtoto, hayamo katika mtihani wowote, wala hayalipwi ipasavyo.

Anayekusudia kusoma kazi hii aulize mambo manne kabla hajalipa ada: kama kozi ina ithibati, saa ngapi atakuwa kliniki na chini ya nani, sheria ya jimbo lake inamruhusu kufanya nini akihitimu, na kliniki za mji huo huwalipa kiasi gani wahitimu wa mwaka uliopita. Aulize na la tano, ambalo vyuo vingi havilitarajii: ni katika somo gani atafundishwa namna ya kumwambia daktari hapana. Chuo kisicho na jibu la swali hilo bado kinafundisha kwa mujibu wa Aristotle.